Jino Zima Linapouma

Wiki niliyostaafu, wenzangu wa kliniki walinikatia keki ya kijani yenye waridi la sukari juu, wakanipa shada la maua na sufuria nzito ya chuma. Nadhani waliamini kwamba mtu akiacha kazi ndipo anapoanza kupika. Meneja alitoa hotuba nzuri, na sehemu kubwa yake ilinihusu mimi. Baadaye, tulipokuwa tukiosha vikombe, Neema alinivuta pembeni. Neema ni kijana niliyefanya naye kazi miaka yangu ya mwisho. Amezaliwa hapa hapa Stockholm, wazazi wake walitoka Burundi.

"Mama Salma," aliniambia, "yale uliyokuwa unanisimulia wakati wa kahawa, yaandike."

"Kwa Kiswidi changu hiki?"

"Kwa Kiswahili. Mimi nitasoma polepole. Mama yangu atasoma haraka, halafu atanisumbua."

Basi naandika, kwa ajili ya Neema na wengine wanaoanza. Vyeo nitaviruka, maana nilipanda kimoja tu na ngazi yake ilikuwa fupi. Mishahara nayo haimfundishi mtu kitu. Nitasimulia nilivyoanza, nani alinifunza, na habari za mgonjwa mgumu kuliko wote niliowahi kukutana nao, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa mimi mwenyewe.

Nilitoka Tanga nikiwa mke mpya wa dereva wa basi, mtu wa Mombasa aliyekuwa ametangulia huku. Tulipanga Rinkeby, pembezoni mwa jiji, na mpaka leo tupo huko. Nilijifunza Kiswidi, nikasomea uuguzi wa meno, nikapata kazi kwenye kliniki ndogo Vällingby, ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu. Siku ya kwanza nilivaa sare iliyonizidi urefu, nikapewa mpira wa kufyonzea mate na kuambiwa niushike. Ni kazi inayoonekana rahisi mpaka uifanye. Mgonjwa alikuwa mzee mmoja mpole mwenye masharubu. Nilipoingiza mpira ule ukanasa ulimi wake kwa mlio wa aibu, nami kwa kihoro nikauvuta, na ulimi ukaja nao. Mzee akatoa macho.

Daktari alikuwa Gunilla, mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa kama ya seremala. Hakunikemea. Alibonyeza kitufe cha kuzima, ulimi ukaachiwa, akamwomba mzee radhi. Mzee alipoondoka ndipo akaniambia, "Mwambie mtu kwanza unachotaka kufanya, halafu ukifanye. Hata kama ni jambo dogo. Yeye haoni kinachoendelea humo ndani, anakisikia tu."

Nilimwita Daktari Gunilla kwa muda mrefu, kwa kuwa ulimi wangu ulikataa kumwita mtu aliyenizidi umri na elimu kwa jina tupu. Akaniambia Waswidi hawana mambo hayo. Tukakutana katikati, nikawa namwita Dada Gunilla. Alilipenda sana jina hilo, mpaka akajifunza kuitika "abee".

Yeye ndiye aliyenisukuma nirudi shule nikasomee usafi wa kinywa, na nilipohitimu nikarudi kwake na chumba changu mwenyewe. Kazi yangu ikawa kukwangua ugaga, kupima fizi na kuwahubiria watu habari za uzi wa kusafishia meno. Kwa hilo la mwisho nilikuwa na waumini wachache. Dada Gunilla alinifundisha kupasha kioo kidogo mkononi kabla ya kukiingiza mdomoni, kisipate ukungu. Alinifundisha kunoa vikwangulio. Kikwangulio butu ni mwongo: huteleza juu ya ugaga, kikaulainisha, kikakuambia pamesafika, na wewe unakiamini. Hilo naomba mlikumbuke hata mkisahau mengine yote. Noeni.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa juu ya maumivu. Jino bovu lina tabia, alisema. Ukiliwekea pamba ya baridi linaruka, au baridi ikiondoka linabaki linalia. Ukiligonga kwa mpini wa kioo linalalamika. Mwenye nalo akiuma kijiti anashtuka, na mara nyingi atakuonyesha kwa kidole kimoja: hili hapa. "Mtu akikuonyesha kwa kiganja kizima," alisema Dada Gunilla, "usikimbilie kuchukua koleo. Vuta kiti ukae." Nilimsikiliza, nikaandika kichwani, nikafanya kazi hivyo miaka mingi bila kujua kwamba siku moja kiganja kitakuwa changu.

Mimi na Baba Salma tulikuwa na bustani ya kukodi upande wa Farsta. Ni mbali na nyumbani, lakini foleni ya bustani za karibu ilikuwa ndefu kuliko maisha yetu. Palikuwa na kibanda chekundu, miti miwili ya tufaha na majani marefu kuzunguka ua. Mchicha wetu ulikuwa ukinyauka kwa huzuni kila mwaka, lakini sukuma wiki ilistawi kama mzaliwa wa huku. Majani yale marefu yalikuwa na kupe. Nilikua nikiwaona kupe kwenye ng'ombe wa babu yangu kule Muheza, na mawazo yangu yaliishia hapo: kupe ni shida ya ng'ombe. Jioni tulikaguana miguu, tukiwaona tunawang'oa kwa kibano, basi.

Kiangazi kile sikumwona kupe yeyote mwilini mwangu. Niliona tu doa nyuma ya goti, jeusi kidogo kuliko ngozi yangu, lenye joto, lisilowasha. Lilitanda taratibu, likafifia. Nilidhani nimekwaruzwa na mti. Kwenye ukuta wa kliniki yetu palikuwa na tangazo la ugonjwa wa kupe, ambao hapa huitwa borelia na kwingine huitwa Lyme. Lilikuwa na picha ya duara jekundu kwenye mguu mweupe kama mtindi. Nililipita kila asubuhi. Halikufanana na kitu chochote nilichokuwa nacho.

Majani yalipoanza kuanguka, meno yakaanza.

Kwanza ilikuwa gego la juu, kushoto. Halafu jirani yake. Halafu fizi zote za upande ule zikawa kama zimepakwa pilipili, na maumivu yakashuka taya la chini, yakarudi juu, yakatulia chini ya jicho. Shingo ilikuwa nzito, uchovu ulinifanya nikae kwenye ngazi za stesheni kama bibi kizee. Nilikuwa nikisafisha meno ya watu huku yangu yakipiga ngoma. Mlio wa mashine ya kukwangulia uliingia mfupani. Mgonjwa mmoja aliniuliza kwa upole kama ninalia. Nikamwambia ni vumbi. Kliniki ya meno haina vumbi, na yule bwana alilijua hilo.

Dada Gunilla alinikalisha kwenye kiti chake. Akapima baridi, akagonga, akanipa kijiti nikiume. Akapiga picha za eksirei kila upande. Akaangalia fizi moja moja kwa kipimo chembamba.

"Meno yako ni mazima," alisema.

"Angalia tena."

"Nimeangalia tena. Mazima, fizi nzima, mifupa mizima. Ningewaonyesha wanafunzi kinywa hiki."

Mtu mwingine angefurahi. Mimi niliona nimefungiwa mlango usoni. Kama kuna shimo, linazibwa. Kama kuna usaha, unatolewa. Maumivu yasiyo na kitu cha kuonyesha yanakufanya uanze kujitilia shaka: pengine ni mimi, pengine nimekuwa mwoga, pengine ni uzee umekuja kwa mlango wa mdomo.

Aliandika barua kwenda kituo cha afya. Daktari wa huko alinipima damu ya mambo ya kawaida, akanipa dawa za maumivu, akaniambia nirudi nisipopata nafuu. Dawa zilikuwa kama kumwagia jangwa kikombe cha chai. Nikaacha kula nyama, kisha mkate, kisha chochote chenye kutafunwa. Usiku nililala nimekaa. Baba Salma alinipikia uji wa ulezi kila asubuhi kabla hajaenda kuendesha basi, akaupoza kwa kuumimina toka bakuli moja hadi jingine, kwa kuwa moto na baridi vyote vilikuwa adui.

Ijumaa moja, mgonjwa wa mwisho alipoondoka, niliingia chumbani kwa Dada Gunilla na kufunga mlango.

"Ling'oe," nikamwambia. "Hili gego la juu. Tuanze na hili, tuone."

"Sing'oi jino zima."

"Ni jino langu."

"Ni lako. Mikono ndiyo yangu."

"Dada, sijalala. Sili. Nitaenda kwa mtu mwingine atalitoa."

Nilijua nimemuumiza, na nilitaka aumie kidogo, nisiwe peke yangu. Kisha akavaa glavu.

"Kaa," alisema. "Nitalitia ganzi kama vile nataka kuling'oa. Ganzi kamili. Tukingoja likafa kabisa na maumivu yakaondoka yote, tutazungumza. Yakibaki, basi jino hili halikufanya kosa, nawe hutaniomba tena."

Akaniambia kila hatua kabla ya kuifanya, kama alivyonifundisha. Sasa nachoma. Sasa utasikia kubanwa. Tukangoja. Mdomo wa juu ukawa mzito, shavu likawa la mtu mwingine. Akaweka pamba ya baridi kwenye gego: sikusikia kitu. Akagonga: hakuna. Jino lilikuwa limekufa ganzi, fizi zimekufa ganzi. Na maumivu yalikuwa pale pale, ndani zaidi, yakichoma kama kawaida, kana kwamba hayakuwa na habari na kazi yote ile.

"Bado?" aliuliza.

Nikatikisa kichwa kukubali. Machozi yakatoka yenyewe. Alidhani nimevunjika moyo, akanishika bega. Lakini haikuwa hivyo. Kwa mara ya kwanza tangu yaanze, nilikuwa nimeyaona. Hayakuwa kwenye jino. Hayakuwa mawazo yangu. Yalikuwa mahali fulani kwenye njia ya mshipa wa fahamu, na mtu mwingine alikuwa ameyashuhudia pamoja nami.

"Ningeling'oa," alisema, "ungeenda nyumbani na maumivu haya haya, na pengo juu yake. Halafu Jumatatu ungeniomba la pili."

Jumatatu hiyo aliandika barua nyingine, kali zaidi, kuomba nionwe na daktari wa mishipa ya fahamu. Tukaambiwa kuna foleni. Kabla foleni haijasogea, uso wangu uliamua kuturahisishia mambo.

Ilikuwa asubuhi, tuko mezani. Nilikunywa chai, ikatoka pembeni mwa mdomo na kuniloweka kifuani. Baba Salma akanitazama, akaweka kijiko chini.

"Mama Salma, hebu cheka kidogo."

"Cha kuchekesha ni kipi?"

"Wewe cheka tu."

Nikacheka.

"Upande mmoja ndio unacheka," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Vaa koti."

Tulidhani ni kiharusi. Hospitali nao walidhani hivyo kwa muda mfupi, wakanikimbiza kwenye mashine, wakanirudisha. Kisha akaja daktari kijana, mwanamke mwenye msuko mmoja wa nywele, akavuta kiti akakaa. Nilimwona anavuta kiti nikajua niko kwenye mikono salama. Akaniuliza habari za shingo, uchovu, meno. Nilipotaja meno hakuinua nyusi. Akauliza kama niliwahi kuumwa na kupe.

"Sikumwona."

"Wengi hawamwoni. Ulipata doa lolote kiangazi? Si lazima liwe jekundu. Kwenye ngozi kama yako huweza kuonekana jeusi zaidi, au la zambarau, au usilione kabisa."

Nikaweka mkono nyuma ya goti.

Walinichoma sindano ya mgongo kuchukua maji ya uti wa mgongo. Naomba niwe mkweli: nilikuwa nimewaambia watu maelfu "tulia, itaisha sasa hivi", na siku ile nilielewa kwa nini wengine walinitazama vibaya. Majibu yalionyesha borelia imefika kwenye mishipa ya fahamu. Nikapewa vidonge vya kuua vijidudu, na masharti mawili: nisivimeze pamoja na maziwa, na nijikinge na jua. Hilo la pili, Stockholm mwezi wa Novemba, nililitimiza bila jasho.

Uso ulirudi taratibu. Kwanza nikaweza kufumba jicho, kisha kupiga mluzi, jambo ambalo sikuwa nalifanya hata kabla ya kuugua. Shingo ikalegea. Uchovu ukapungua. Meno hayakuacha.

Hapa ndipo masimulizi mengi ya ugonjwa huu huishia, kwenye vidonge. Yangu ndipo yalipoanza. Nilirudi kwa yule daktari mwenye msuko nikamwomba vidonge vingine.

"Vijidudu tumeviua," alisema. "Vidonge zaidi havitakusaidia, vitakuharibia tumbo. Mshipa uliounguzwa hupona polepole kuliko uso. Huenda ukachukua mwaka. Huenda maumivu yakabaki kidogo."

"Una hakika meno ni kwa sababu ya borelia?"

Alifikiri kabla ya kujibu, na mpaka leo namheshimu kwa hilo. "Sina hakika. Nadhani hivyo. Uso najua. Meno nadhani."

Nilitoka pale nina hasira na jibu lile, na nilipofika kituo cha treni hasira ilikuwa imeisha. Mtu aliyekuambia hajui, akikuambia anajua utamwamini.

Alinipeleka kwenye kliniki ya maumivu. Nikaanzishiwa kidonge kidogo cha jioni, dawa ya zamani iliyotengenezwa kwa mambo mengine ila hutuliza mishipa. Ilinikausha mdomo, na mdomo mkavu ni mama wa meno mabovu, kwa hiyo nikawa mgonjwa wangu mwenyewe: maji kila wakati, dawa ya meno yenye floraidi nyingi, isiyo na mnanaa mkali maana mnanaa ulichoma kama ndimu kwenye kidonda. Mtaalamu wa viungo alinifundisha kulegeza taya. Meno ya juu na ya chini hayapaswi kugusana isipokuwa wakati wa kula, je, mlijua? Mimi nilikuwa nawafundisha watu hilo, na nilipojichunguza nikakuta nauma meno yangu kutwa kama mtu anayeshika mlango usifunguliwe.

Nikajifunza mengine peke yangu. Mswaki laini wa watoto, wenye picha ya twiga, nikiuloweka kwanza kwenye maji ya vuguvugu. Skafu hadi chini ya macho kwenye jukwaa la treni, kwa sababu upepo wa treni inapoingia ulikuwa unanipiga shavuni kama kofi. Kitambaa cha moto jioni. Ndizi za kupika, maharage yaliyopondwa, supu. Na zaidi ya yote, kuukataza ulimi. Ulimi una tabia ya mpelelezi, kila saa unakwenda kule kuuliza: bado? Na kila ukiuliza, unajibiwa bado. Niliuzoesha kukaa nyuma ya meno ya mbele, ukapata kazi nyingine ya kufanya, ya kuongea. Baba Salma anasema hiyo haikuwa mpya.

Kazini walinipunguzia saa. Salma, binti yangu, ambaye tangu utotoni namsemesha Kiswahili naye hunijibu Kiswidi, alikuja Idi ile kutoka kwake na pilau sufuria nzima. Nyama alikuwa ameichambua moja moja na kuipika mpaka ikawa nyuzi. "Ät, mamma," alisema, kula, mama. Kisha, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Haina mfupa. Nimetafuta yote." Nikala taratibu upande wa kulia. Kila mtu mezani alijifanya hanitazami.

Maumivu hayakuondoka siku moja. Yalipungua kama theluji inavyoyeyuka huku, kwanza mitaani halafu kwenye kona, na kona moja hubaki chafu hadi Mei. Siku moja niligundua nimefika nyumbani bila skafu. Siku nyingine nilikuwa nimemaliza tufaha na sikukumbuka upande niliolitafunia. Kwenye baridi kali bado hunitembelea, chini ya jicho la kushoto. Huwa nayaambia karibuni, kisha naendelea na shughuli zangu, nayo huona hakuna chai yakaondoka. Meno yangu yote ninayo.

Nilipopona kiasi hicho nikawa mfanyakazi tofauti. Sikuwa mjuzi zaidi, nilikuwa mpole zaidi. Nikiona kiganja shavuni, navuta kiti.

Ndivyo alivyonikuta Papa Espoir. Dada Gunilla alikuwa ameshastaafu, mahali pake yupo daktari kijana aitwaye Johan, naye Neema alikuwa mwaka wake wa kwanza nasi. Papa Espoir ni Mkongo, mtu wa Bukavu, mpishi wa shule. Alikuja akiwa amevimba macho kwa kukosa usingizi, kiganja kizima juu ya shavu.

"Mama," alisema aliposikia Kiswahili changu, "balitosha jino moja fasi ingine, maumivu ikahamia kwa ya pili. Sasa mutoshe zote tu za huku. Nipate kulala."

Kwao kutosha ni kung'oa, na fasi ni mahali. Simlaumu aliyelitoa lile la kwanza, sikuwepo. Lakini moyo wangu uliruka. Nilimweleza Johan yaliyonipata, Johan akapima kila kitu, akatia ganzi, akangoja. Maumivu yakabaki.

"Unafanya kazi karibu na majani? Msitu?" nilimwuliza Papa Espoir. "Umeona kupe?"

"Niko jikoni tu, mama. Jikoni na nyumbani."

Nilitaka sana iwe borelia. Nilikuwa nimeshamtungia hadithi nzima. Akapelekwa kupimwa, na majibu yakaja kuwa hana. Neema aliniona nimenuna wakati wa kahawa.

"Kwani ulitaka awe mgonjwa?" aliniuliza kwa Kiswidi.

"Nilitaka awe na jina la kuyaita."

"Wewe ulipata jina, na bado yaliuma mwaka mzima."

Nikala mkate wangu wa mdalasini. Alikuwa amesema kweli. Kilichonisaidia mimi katika ule mwaka kilikuwa kidonge cha jioni, taya lililolegezwa, maji ya vuguvugu, uji uliopozwa na mtu aliyeniamini. Na vyote hivyo Papa Espoir angeweza kuvipata bila jina lolote.

Kwa hiyo tukamvutia kiti. Johan alimpeleka kwenye kliniki ile ile ya maumivu. Neema, kwa Kiswahili chake cha taratibu, alimfundisha taya na ulimi, akamchagulia mswaki wa watoto. Papa Espoir aliutazama ule mswaki.

"Na huyu ni mnyama gani?"

"Simba," alisema Neema. "Twiga wamekwisha."

Alicheka upande mmoja tu, mwingine ukiuma, lakini alicheka. Alirudi mara nyingi. Kuna siku alikuja na hasira, akasema atakwenda kwingine wakamtoe meno. Nikamwambia namwelewa, na kwamba mlango uko wazi akitaka kutoka na utakuwa wazi akitaka kurudi. Alikaa kidogo, akauliza kama maharage yanafaa kupondwa na siagi au mafuta. Tukazungumza mapishi mpaka mgonjwa mwingine akaanza kukohoa mlangoni. Hakwenda kwingine.

Miezi yake ilikuwa mirefu kuliko yangu. Sijui ni kwa sababu gani, na Johan hajui, na daktari wa maumivu anadhani ni mshipa uliojeruhiwa na anasema hivyo hivyo: "Nadhani." Lakini yalilegea. Aliacha kushika shavu. Alirudi kuonja chakula chake mwenyewe, na mwalimu mmoja wa shule ile ambaye ni mgonjwa wetu alituambia, bila kujua tunamjua mpishi, kwamba supu siku hizi ina chumvi ya kutosha.

Wiki yangu ya mwisho kazini alikuwemo kwenye orodha ya Alhamisi. Nilimwona kupitia kioo cha mlango amekaa pale, koti limefungwa hadi juu, kidole kimoja mdomoni. Kidole kimoja. Nikafungua mlango haraka, maana kidole kimoja ni jino kweli. Nikamwita ndani, nikamlaza kitini, nikamwambia naingia.

"Wapi, Papa?"

"Hapa nyuma, mama." Alikuwa anaonyesha moja ya magego yale yale aliyotaka yatolewe. "Jana tulikuwa na ndoa ya mtoto wa shemeji. Balipika mbuzi, mbuzi muzuri kabisa, nikakula hadi mwisho. Sasa kipande kimekatala kutoka. Bibi yangu amejaribu, hata mutoto amejaribu."

Nikaangalia. Kweli, nyama ya mbuzi, imejikaza katikati ya magego mawili mazima. Nikachukua uzi, nikauingiza taratibu, nikavuta. Kikatoka. Papa Espoir akafunga mdomo, akauma mara mbili tatu kujaribu, akaridhika.

"Ni hilo tu?" nilimwuliza.

"Ni hilo tu, mama."

Akavaa kofia yake, akaniambia siku njema, akateremka ngazi kwenda kupikia watoto.